Nati Kumi na Sita

Magurudumu yalikosekana siku ya Ijumaa, kati ya adhana na salamu ya mwisho. Waliokwenda kusali waliliacha gari la marehemu Ziad pale pale lilipokuwa tangu Machi, kwenye kiuwanja cha mbele ya nyumba yake, Mji wa Kale. Waliporudi walilikuta juu ya vipande vinne vya boriti, na paka amejilaza chini yake kivulini.

Inspekta Nanjala alifika saa nane kasorobo. Aliyempokea alikuwa mwanamume mnene aliyevaa kanzu nyeupe, simu mkononi, jasho likimtiririka shingoni.

"Mimi ni Faiz, kaka yake marehemu. Nimekuja kusali tu, naishi Tudor. Tazama, Inspekta. Tazama mwenyewe! Kesho saa kumi mnunuzi aja kulichukua. Nimuuzie nini sasa, kitanda?"

"Lilikuwa na mlinzi?"

"Chonga. Yeye ndiye mlinzi wa kiuwanja hiki, miaka kumi na miwili. Koplo wako ameshamchukua. Mlinzi gani huyo, gari lavuliwa viatu mchana kweupe na yeye hayuko? Tulipomuuliza alikuwa wapi, kimya."

Nanjala alichuchumaa. Akaanza kuhesabu kwa kidole. Kila mahali palipokosa gurudumu palikuwa na bolti nne, na kila bolti ilikuwa na nati yake. Nati kumi na sita. Kumi na mbili zilikuwa za kawaida, zenye pembe sita. Nne zilikuwa tofauti, moja kwa kila gurudumu: za mviringo, laini ubavuni, na usoni zimechongwa mfano wa ua.

"Hizi za maua ni nini?"

"Nati za kufuli," Faiz alisema. "Ziad alinunua rimu mpya mwaka jana, akaogopa wezi. Spana ya kawaida haizishiki. Lazima uwe na ufunguo wake, kichuma kidogo chenye ua kama hilo."

"Ufunguo uko wapi?"

"Huo ndio nimeutafuta miezi minne. Haumo garini, haumo katika vitu vyake."

Nanjala alipitisha ukucha juu ya moja ya nati za maua. Haikuwa na mkwaruzo. Akaishika kwa vidole viwili, ikazunguka bila shida. Ilikuwa imefungwa kwa mkono tu, na kwenye bolti palikuwa na grisi mpya.

Koplo Levi, aliyekuwa amerudi kutoka kituoni, aliinama nyuma yake. "Afande, mwizi huyu amelelewa vizuri. Amechukua magurudumu, nati ameturudishia."

"Na angalia alivyoliweka."

Vipande vya boriti vilikuwa vimekatwa kwa msumeno, na kila kimoja kilikuwa na chokaa kuukuu upande mmoja. Vimekaa sawasawa chini ya milango, pale ambapo jeki hupaswa kukaa. Gari halikuwa limeinama hata kidogo. Vipande vingine vya namna hiyo vilirundikwa nje ya mlango wa nyumba, vimebaki katika matengenezo ya dari. Mpita njia yeyote angeweza kuvichukua.

Faiz alimfungulia mlango wa gari. Nanjala alikaa kwenye kiti cha dereva aangalie ndani. Redio ilikuwepo. Miwani ya jua ilikuwa juu ya dashibodi. Alinyoosha miguu, haikufika kwenye pedali.

"Ziad alikuwa mrefu," Faiz alisema. "Miguu yake haikuwa na mwisho."

Nanjala alishuka. "Mjane wake yuko?"

Faiz alitupa jicho kwenye dirisha la juu, ambapo kikapu kidogo kilining'inia kwa kamba, kama vinavyoning'inia vya wanawake wengi wa mtaa huo wanaonunua vitu bila kushuka ngazi. Akateremsha sauti.

"Intisar yuko eda. Miezi minne na siku kumi, mpaka Jumatatu tarehe kumi na tatu. Hatoki mlangoni, haonani na wanaume wa nje. Na habari za kuuza gari hana. Nataka liondoke kabla hajatoka eda, asilione likienda."

"Na kuibwa huku?"

"Sijamwambia. Wala ya Chonga. Nimwongezee msiba juu ya msiba? Wewe mwanamke waweza kupanda kumpa pole, lakini tafadhali, usimsumbue na mambo ya polisi."

*

Bi Intisar alimkaribisha juu, katika chumba chenye jamvi na mito. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amejifunga leso mbili. Alimwamkia Nanjala kwa utaratibu: hali yake, watu wake, safari yake, kazi yake. Nanjala, aliyezaliwa Kakamega na kuhamishiwa Mombasa mwaka uliotangulia, alijibu yote na kusubiri zamu yake.

"Pole kwa msiba, Bi Intisar."

"Tushapoa."

"Leo mchana ulisikia kelele yoyote hapo chini?"

"Nilisikia adhana."

"Marehemu alikuwa na ufunguo mdogo wa nati za gari. Unajua aliuweka wapi?"

"Vitu vya Ziad avijua mwenyewe."

Alimmiminia kahawa. Mikono yake ilikuwa na hina mpaka kwenye kifundo, nyekundu iliyokolea hadi kuwa nyeusi kwenye ncha za vidole. Nanjala aliisifu. Intisar alishukuru na kuirudisha mikono ndani ya leso.

*

Kituoni, Levi alisoma daftari la vitu alivyokutwa navyo Chonga. "Kitambulisho kimoja. Simu moja. Filimbi moja. Ndimu tatu. Na vikuba viwili vya asumini, vishada vya kujipambia wanawake, ndani ya jani la mgomba." Akafunga daftari. "Mzee Chonga, kumbe una mchumba huko soko la Marikiti na hutuambii?"

Chonga alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, mwembamba, shati la ulinzi limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hakucheka.

"Ulikwenda Marikiti?" Nanjala aliuliza.

"Ndiyo."

"Saa ngapi?"

"Adhana ilipolia nikaondoka. Niliporudi nikakuta gari liko vile, na Bwana Faiz yuwapiga kelele."

"Kwa nini uliacha lindo?"

"Nilitumwa."

"Na nani?"

"Aliyenituma si wa kutajwa mbele ya askari."

"Mzee, nisikilize. Bwana Faiz ameandikisha kuwa umewafungulia wezi njia. Jumatatu asubuhi unasimama mahakamani. Ukishasimama, kampuni yako ya ulinzi inampeleka mtu mwingine kwenye kiuwanja. Taja jina tu, nami nimuulize."

Chonga alifikiri. "Jumatatu nitasimama, afande. Lakini naomba asumini msizitupe. Ziwekeni penye baridi."

Levi alimtazama Nanjala. Walipotoka nje ya seli alisema, "Huyu anamlinda mtu."

"Ndiyo kazi yake," Nanjala alisema. "Swali ni nani."

*

Jumamosi asubuhi Levi alipiga simu kutoka Bondeni. Sauti yake ilikuwa juu. Duka moja la vipuri lilikuwa limeingiza rimu nne jana jioni, za fedha, aina ile ile iliyokuwa kwenye picha ya gari waliyopewa na Faiz. Aliyezileta hakuacha jina.

Nanjala alifika baada ya dakika ishirini. Mwenye duka alikuwa amezipanga kwenye kibaraza, naye ameketi mbele yake kama mtu anayelinda watoto.

"Ni zenyewe, afande," Levi alisema. "Rangi ile, umbo lile."

Nanjala aliinua moja, akachungulia kati. "Hesabu matundu."

Levi alihesabu. Akarudia. "Matano."

"Gari la Ziad lina bolti nne."

"Basi nimeshika rimu za mtu mwingine."

"Zishike hivyo hivyo. Huenda naye amekuja kulalamika."

Hatua chache kutoka hapo palikuwa na gereji ya Kamaludin, ambaye jina lake lilikuwa kwenye risiti ya rimu za Ziad. Alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, ameketi kwenye stuli, akisugua tyubu ya tairi. Hakuacha kazi mpaka salamu zilipokamilika pande zote.

"Nati za Ziad nilizifunga mimi kwa mkono wangu," alisema. "Zimevunjwa?"

"Hazina hata mkwaruzo."

Kamaludin alisimama. Kutoka kwenye rafu alichukua nati moja iliyopondeka, akamwekea Nanjala kiganjani. "Hii ndiyo kazi ya mwizi. Atwaa soketi ndogo kuliko nati, aigongelea kwa nyundo mpaka ishike, kisha aizungusha. Tazama uso wake. Ua halijulikani tena. Kelele yake wasikia mpaka mtaa wa pili. Na akishamaliza aitupa mtaroni, hana haja nayo."

"Kwa hiyo waliofungua zile za Ziad walikuwa na ufunguo."

"Hakuna njia nyingine."

"Wewe huna mwenzake?"

Mzee alitabasamu. Akavuta mkebe wa biskuti chini ya meza na kuumwaga: funguo kumi na moja za nati, za wateja waliosahau. "Jaribu, mama. Sitakuwa na amani usipojaribu."

Nanjala alikuwa amekuja na nati moja ya ua ndani ya mfuko wa vielelezo. Alijaribu funguo zote kumi na moja. Nyingine zilikuwa na nyota, nyingine mawimbi, mbili zilikuwa na maua yenye petali nyingi mno. Hakuna iliyoingia.

"Seti huja na ufunguo mmoja," Kamaludin alisema. "Nilimwambia Ziad, niachie mimi, nyinyi vijana mwapoteza. Akanijibu, 'Mzee, nitampa mtu asiyepoteza kitu.' Akaenda zake akicheka. Allah amrehemu."

"Hakusema ni nani?"

"Hakusema."

Levi alikuwa amechoka kusimama. "Afande, mimi narudi kwa mzee wangu wa asumini. Nimeziweka kwenye friji ya kantini kama alivyoagiza, na Mercy wa kantini anadhani ni zake."

Kamaludin aligeuka. "Nani ana asumini?"

"Mlinzi Chonga. Tulimkuta na vikuba viwili vya Marikiti."

"Chonga? Mkewe yuko Kaloleni, haji mjini. Yule akinunua asumini, basi katumwa na bibi wa nyumba."

Nanjala aliiweka nati mezani. "Mzee, nikuulize jambo nisilolijua. Mjane akiwa eda, anapaka hina?"

"Hapaki. Hina hapaki, asumini havai, udi hafukizi, mpaka eda iishe."

"Bi Intisar ana hina."

"Umeona vibaya."

"Nimeisifu. Akanishukuru."

Mzee alikunja uso. "Nani kakwambia yuko eda bado?"

"Shemeji yake. Mpaka Jumatatu, tarehe kumi na tatu. Ziad alifariki tarehe tatu Machi. Miezi minne ni tarehe tatu Julai, na siku kumi."

"Ah. Faiz yuwahesabu kwa kalenda ya ofisini!" Kamaludin aliwaongoza hadi ukutani, kwenye kalenda yenye tarehe kubwa za Kizungu, na pembeni ya kila moja tarehe ndogo ya Kiislamu. Alirudisha kurasa nyuma hadi Machi. Kidole chake kilikuwa cheusi kwa grisi, kikaacha alama. "Tulimzika Jumanne. Mwezi kumi na tatu wa Ramadhani, nakumbuka tulifuturu makaburini. Eda huhesabiwa kwa mwezi wa mbinguni. Haya. Mwezi kumi na tatu wa Mfungo Mosi, unaofuata Ramadhani, mmoja. Mfungo Pili, miwili. Mfungo Tatu, mitatu. Mfungo Nne, minne." Akafunua ukurasa wa Julai. "Ongeza siku kumi. Mwezi ishirini na tatu."

Levi alisoma tarehe kubwa iliyokuwa juu yake. "Alhamisi, tarehe tisa."

"Magurudumu yaliondoka tarehe kumi," Nanjala alisema.

Kamaludin aliangalia kalenda, kisha nati iliyokuwa mezani. Aliketi tena kwenye stuli na kuchukua tyubu yake ya tairi. "Mama," alisema, "zungumza naye taratibu."

*

Alipanda ngazi peke yake. Levi alibaki chini kando ya gari. Saa ilikuwa nane na dakika kumi.

"Bi Intisar, eda yako iliisha Alhamisi."

"Jua lilipotua."

"Ijumaa ulimteremshia Chonga kikapu, ukamtuma Marikiti."

Intisar alipanga vikombe vya kahawa kwenye sinia. "Kutuma mtu asumini ni kosa?"

"Chonga yuko seli tangu jana."

Kikombe kilibaki mkononi. "Chonga? Kwa nini?"

"Kwa magurudumu. Jumatatu tunampeleka mahakamani. Tumemuuliza nani alimtuma, amekataa kukutaja."

"Mbona sikuambiwa? Jana kelele zilipoanza nilijifungia chumba cha nyuma. Kila siku yuko hapo chini. Jana sikumwona nikadhani yuwaona haya kuniletea maua mbele ya watu." Aliweka kikombe chini. "Faiz ndiye kampeleka?"

"Ndiye mlalamishi."

Intisar alishika pindo la leso yake, akalifungua fundo kwa meno. Kichuma kidogo kilidondoka kiganjani. Nanjala alitoa nati kwenye mfuko wa vielelezo, akavikutanisha. Ua liliingia ndani ya ua, bila nafasi.

"Mwachilieni sasa hivi," Intisar alisema. "Asilale huko tena."

"Nionyeshe kwanza."

Walishuka. Nyuma ya ngazi, penye giza, magurudumu manne yalikuwa yamesimamishwa ukutani, kila moja limefunikwa leso. Kando yake palikuwa na jeki, spana na kopo la grisi.

"Ulifanya peke yako?"

"Kwani ni mazito? Yabingirika. Tukienda Malindi tukapata pancha, mimi ndiye nikifungua. Ziad mgongo ulikuwa ukimsumbua. Yeye kazi yake kunishikia chupa ya maji na kunisifu."

"Hukuonekana na mtu?"

"Ijumaa saa saba kasoro? Wanaume wako msikitini, wanawake wako jikoni. Aliyebaki ni Chonga. Nilitaka aondoke." Akafikiri. "Na asumini nilizitaka kweli. Miezi minne sikuzinusa."

"Nati ulizirudisha kwa nini?"

Intisar alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hufunika chungu. "Bolti zingeshika kutu. Hapa chumvi haina mapumziko."

Nanjala aliandika. Kisha akauliza lililobaki. "Ulijuaje kuwa linauzwa?"

"Faiz alimleta mnunuzi Jumatano. Walikuwa chini ya dirisha langu, na Faiz hajui kunong'ona. Mnunuzi ni mtu mfupi. Akaketi ndani, akauliza kiti kinavutwaje mbele. Faiz akamwambia, 'Kivute Jumamosi, likishakuwa lako.'" Aliisawazisha leso juu ya gurudumu la mwisho. "Kile kiti kiko alipokiacha Ziad. Hukukivuta wewe?"

"Hapana. Niliketi tu."

"Miguu ilifika?"

"Haikufika."

Intisar aliitikia kwa kichwa.

*

Faiz na mnunuzi walifika saa kumi kamili. Nanjala alimwita Faiz pembeni, akamweleza kwa maneno machache. Faiz alitazama dirisha la juu, akatazama gari, akavua kofia na kuivaa tena.

"Kwa hiyo Chonga sikumtendea haki."

"Hukumtendea."

"Basi nafuta malalamiko. Nipe huo ufunguo niyarudishe magurudumu, mtu wangu yuasubiri."

"Ufunguo ni kielelezo. Nimeshauandika kitabuni. Gari ni mirathi, Bwana Faiz, na yeye ni mrithi kama wewe. Hakuna aliyeniambia lilikwisha gawanywa."

"Ni mke wa ndugu yangu, Inspekta. Nilitaka kumpunguzia uchungu tu."

"Ungemuuliza unamuuma wapi."

Mnunuzi aliangalia saa, akasema atanunua la mtu mwingine.

Chonga aliachiwa saa kumi na moja kasorobo. Alitia sahihi kwa kila kitu alichorudishiwa: kitambulisho, simu, filimbi, ndimu tatu. Asumini zilikuwa zimegeuka rangi kingo zake, lakini hakuna iliyokosekana. Levi alimrudisha hadi kiuwanjani kwa gari la polisi, na njiani hakumtania.

Kikapu kilikuwa kimeshateremshwa. Chonga alitia ndimu ndani, akaweka vikuba juu yake, akapiga filimbi mara moja. Kamba ikavutwa.

Kadhi atawasikiliza Intisar na Faiz siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi. Magurudumu yako nyuma ya ngazi, na ufunguo uko kituoni ndani ya bahasha iliyofungwa.